Kikoti cha Kipima Hewa

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kutoka kwa mume wangu, ambaye amekwenda kazini na shati ulilomshonea, lile la kola ndogo. Yeye hajambo, mimi sijambo, na chumba chetu nacho hakijambo. Nasema chumba kwa sababu ndicho tulichonacho: kitanda, meza moja, jiko la gesi kwenye kona, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Lakini Shangazi, ukuta ule ukipigwa na jua la asubuhi hugeuka rangi ya asali, naye husema mwanga huo nimeuleta mimi. Usicheke. Najua unacheka.

Ulisema simu ni ya kuulizia bei ya uzi na kwamba maneno ya maana sharti yaandikwe, basi naandika. Nikuambie nini? Ananichania nywele. Akila husema chakula kitamu hata kikiwa kimeungua, na jana kiliungua kweli. Nikimwona anapanda ngazi na mfuko wake begani, moyo unaniruka kama siku ile ya kwanza alipokuwa amesimama ng'ambo ya barabara mbele ya duka lako, anahesabu magari kwa kazi ya ofisi yao ya barabara, nawe ukaniambia, "Mpelekee yule kijana kigoda kabla miguu haijamwisha." Huwa namwambia kwamba alihesabu magari yote akanisahau mimi. Hujibu kwamba nilipotoka na kile kigoda alipoteza hesabu, ikabidi aanze upya.

Sasa neno lenyewe. Wiki ijayo fundi wa ofisini kwao atakuja kukufungia kikasha dirishani, upande wa barabarani. Ni cheupe, ukubwa wa mkate, kina vitundu kama pua. Kinavuta hewa, kinapima moshi na vumbi, kisha kinatuma hesabu chenyewe mpaka kwenye kompyuta ya mume wangu huku. Si unajua kituo cha zamani cha treni kitabomolewa, pajengwe maduka na nyumba za ghorofa? Malori ya kifusi yatakuwa mengi, na kabla ya kuamua yapite wapi wanataka kujua kila mtaa unapumuaje. Dirisha lako kalichagua yeye mwenyewe. Kasema, "Pale ndipo nilipopewa kigoda."

Kwa hiyo kitunze, Shangazi. Kitunze kama utakavyomtunza yeye siku akija kukaa kwako. Ujue tu kwamba aliyeko dirishani ni mkwe wako.

Wako mwenye furaha kupita kiasi,
Bibi harusi

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na mkwe marahaba. Mimi ni mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Cherehani nimelitia mafuta. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimu na anauliza kama bado unajiita bibi harusi. Nimemwambia kuwa harusi ilikwisha, viti vikarudishwa, lakini wewe hujapewa habari.

Nimesoma habari za ukuta wa asali. Nimeufurahia. Mimi nilikaa na marehemu mume wangu miaka mingi na sikuwahi kuona ukuta ukibadilika isipokuwa kwa kupakwa rangi.

Kikasha kimefika. Fundi alipiga misumari, akaniachia chokaa sakafuni, akaenda zake. Nikamwuliza kinakula nini, akasema umeme kidogo tu. Nikasema mkwe asiye na makuu ndiye huyu.

Ila wameshaanza kuvunja uzio wa kituo na malori yanapita hapa kwa majaribio. Siku ya tatu nilipofungua dirisha nilikuta kikasha kimekuwa rangi ya udongo, na mdomoni kina weusi kama aliyekula mkaa. Niliona haya, mwanangu. Mtu kaletwa kwangu akiwa mweupe, wiki haijaisha kawa hivyo. Wakija wenzake kumtazama watasema huyu mama anaishi jalalani, na mke wa mkwe katoka nyumba hiyohiyo.

Basi nilichukua kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni lako la harusi, nikakishonea kikoti. Kina bitana ndani, nzito, na vifungo sita mbele. Kimemkaa vizuri utadhani nilimpima amesimama. Nimeacha tundu la waya peke yake. Kila Ijumaa namvua, nafua, naanika, jioni anavaa. Kinyozi alipita akasema, "Fundi, umemvisha mkwe gauni?" Nikamwambia akanyoe watu.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Anatunzwa.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi kipenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Siku zinapita na mimi siko humo, niko mahali pengine pa raha. Tumenunua pazia. Ni la bluu. Mume wangu alilishika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukasahau kulitundika.

Kikoti kimenichekesha mpaka machozi. Satini ya gauni langu imemkumbatia mkwe wako dirishani! Sikumsomea sehemu ile. Nataka siku tukija akione mwenyewe kwa macho, nimwangalie uso.

Sasa kaa chini nikupe habari. Juzi amerudi nyumbani anapiga mluzi tangu kwenye ngazi. Kanibeba, kanizungusha, nusura tuangushe sufuria. Hesabu za mitaa yote zimetoka, na mtaa wetu ndio wenye hewa safi kuliko yote. Mitaa mingine ina moshi wa kutisha, wetu uko kama bustani. Mkuu wake kampa mkono mbele ya ofisi nzima, akasema kijana huyu alijua pa kutazama, na sasa mpango mzima wa magari ya kituo atausimamia yeye.

Ameacha hata mambo yaliyokuwa yakimnyima raha. Mwanzoni alikuwa akipigania uwanja nje ya mji, malori yasubiri huko yamezima injini, yaitwe moja moja kazi ikiwa tayari. Alitaka pia mabasi ya kuwaleta wafanyakazi ili kila mmoja asije na gari lake. Wajenzi walilalamika kwamba ni gharama. Sasa mkuu amesema hakuna haja, mtaa wenye hewa safi namna ile una nafasi ya kubeba mzigo. Malori yote yatapita kwetu kwa majaribio, na mwezi wa saba mkutano utapitisha mpango uwe wa kudumu mpaka ujenzi uishe.

Nilijivuna, Shangazi. Nilimwambia, "Si unaona? Kwetu watu wanafagia."

Wako, aliyebebwa,
Bibi harusi

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Pazia la bluu ni zuri. Lipige pasi kwa ndani.

Huku ni salama. Cherehani nimelihamishia chumba cha nyuma, mwanga wa mbele siku hizi haunifai. Wateja wamepungua kidogo, ndiyo hali. Koo linaniwasha, ni mafua tu.

Nakutumia foronya nne. Nimezitarizi pembeni kama ulivyopenda ukiwa mdogo.

Hebu niulize jambo. Mtu wa kazi kama ya mkwe, akikosea hesabu, hufanywa nini? Anasemwa tu, au anaondolewa? Nauliza ili nijue.

Uliandika kwamba mnataka kuja. Msije sasa. Nyumba haiko katika hali ya kupokea mgeni.

Shangazi yako

15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Foronya zimefika. Nilizikunjua kitandani peke yangu. Maua yake ni mazuri mno, lakini kila zilipokunjwa palikuwa na mstari wa kijivu, na nilipozisogeza usoni zilinuka lori. Sikosei, zilinuka moshi wa lori, foronya ambazo wewe hukunja na kitambaa safi juu na chini. Niliziloweka. Maji yaligeuka meusi kama yaliyooshea sufuria. Nikamwaga, nikaloweka tena.

Nilikuwa bado nimeshika beseni ndipo nikakiona kile kikoti. Nilikiona kama kipo mbele yangu, bitana nzito na vifungo sita, na tundu la waya peke yake. Shangazi, tumemziba pua. Mtaa wetu hauna hewa safi. Kikasha kimekuwa kikivuta satini ya gauni langu, kikatuma habari za satini.

Na ni mimi niliyekuambia ukitunze kama mkwe. Ningesema tu "ni chombo, kiache kilivyo," usingekigusa. Lakini mimi nilikuwa na mapenzi yamenijaa mdomoni, kila kitu lazima kiwe mume wangu, hata kikasha. Uliniandikia habari za kikoti waziwazi, nikacheka, nikaficha ili nije nimwangalie uso.

Sijamwambia. Kila siku naandaa maneno, akiingia tu yananitoroka. Amenunua viatu vipya kwa ajili ya mkutano. Anavivaa humu chumbani avizoeze, anatembea kutoka kitandani mpaka kwenye jiko na kurudi, ananiuliza kama vinalia. Nimwambieje mtu kama huyo?

Nimewaza hivi. Kivue kikoti, Shangazi, kimyakimya. Hesabu zitapanda zenyewe, watafikiri malori yameongezeka, na hakuna atakayejua habari zetu. Nakuomba sana. Barua hii ichane.

Mimi

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sikuichana. Nimeisoma mara mbili, kisha nikakohoa, kisha nikaisoma tena. Sasa nitasema, maana tumefichana vya kutosha.

Nilijua tangu Aprili. Kinyozi alisimama chini ya dirisha, akakitazama kikasha, akaniuliza, "Fundi, ukiziba pua, unanusa nini?" Nilimfukuza, lakini neno liliingia. Jioni ile nilishika kifungo cha kwanza nikakifungua. Nikakirudisha. Nilikuwa nimeshapata barua yako ya kubebwa na kuzungushwa. Nikawaza, nikimvua leo, hesabu itaruka, watamwuliza, naye atasema nini? Kwamba shangazi wa mkewe alimshonea kikoti? Atachekwa mpaka kwenye ngazi. Nikasema bora nikae na aibu yangu humu ndani kuliko yeye aende nayo kazini.

Ndiyo sababu nimehamia nyuma. Malori yanapanga foleni kuanzia kituoni mpaka kwangu, injini zinanguruma, dereva kalala. Nguo nyeupe sipokei tena. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni, akaondoka nalo lina mabega ya kijivu, nami sikuthubutu kumtoza. Kinyozi anawafunika wateja taulo puani. Mkewe amekwenda kwa mamake na mtoto mchanga, kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi. Anaponipitia hanisemi kitu. Heri angenisema.

Kwa hiyo usijilaumu peke yako. Wewe ulijua juzi juu ya beseni. Mimi nimejua miezi, nikawaacha majirani wavute moshi ili mkwe wangu apewe mkono.

Kukivua kimyakimya sitakivua. Hesabu ikipanda ghafla atakwenda kwenye mkutano kama kipofu, aulizwe asijue la kujibu, na sisi wawili tumekaa tunamtazama. Huo utakuwa uovu wa pili juu ya wa kwanza. Mwambie. Akivue mwenyewe, au akiache mwenyewe. Unamchania yeye nywele, anakuchania wewe, mnashindwa kuambiana habari ya kikoti?

Shangazi yako

9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii pengine itafika baada ya mume wangu, lakini lazima niandike.

Nilimwambia jana akiwa anakula. Mwanzoni alicheka. Akasema, "Kikoti? Cha kuvaa?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Kina vifungo?" Nikasema sita. Akaendelea kutabasamu kidogo, halafu kijiko kikatua kwenye sahani, na nikaona tabasamu linamtoka kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa. Akanawa mikono. Akakaa kitandani akiutazama ule ukuta. Haukuwa na rangi yoyote.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na wewe umejua tangu lini?"

Nikamwambia. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, niliona.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Mkutano ni Alhamisi. Ukishapita, nitatafuta njia ya kusema. Polepole. Mambo haya yana utaratibu wake."

Shangazi, sikuwahi kumwona akiogopa. Nilikuwa nimemwandika moyoni kama mtu asiyeogopa kitu. Nilimwonea aibu. Kisha nikajionea aibu mimi, maana maneno aliyosema yalikuwa yangu: kimyakimya, polepole, asijue mtu. Alikuwa ananirudishia barua yangu bila kuisoma.

Nikamwambia, "Shangazi anakohoa."

Akasema, "Hukuniambia."

"Yeye mwenyewe hakuniambia. Kaandika ni mafua. Lakini foronya nilizifua mimi."

Zilikuwa zimetandikwa, hizohizo. Aliinamisha kichwa, akainusa ile aliyokuwa ameilalia wiki nzima. Sijui kama harufu ilikuwa bado imo.

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshavaa shati la kola ndogo na viatu vya zamani. Alichukua bisibisi, akatia mfukoni. Hakunichania nywele. Mlangoni alisema, "Nakwenda kwa Mama," akimaanisha wewe.

Viatu vipya viko chini ya kitanda. Nimevifunika gazeti.

Mimi wako

6 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika baada yake, kama ulivyosema.

Alifika malori yamepanga foleni. Nilisikia hodi nikadhani ni mteja, nikatoka na kitambaa kichwani na sindano mdomoni. Nilipomwona ni yeye, niliitoa sindano mdomoni. Kiti cha mgeni kilikuwa na vumbi unaloweza kuandika jina. Nilikimbilia kitambaa nikifute, naye akakaa kabla sijafika. Nikamletea maji. Juu ya maji palikuwa na utando, niliuona na yeye aliuona. Akayanywa.

Nilisema, "Mkwe wangu, nisamehe. Nimekuaibisha."

Akasema, "Mama, usiniombe radhi, utaniongezea." Kisha akakohoa. Alikuwa hajamaliza hata robo saa nyumbani kwangu.

Alikwenda dirishani. Sikuweza kutazama lakini nilitazama. Alifungua vifungo kimoja kimoja, taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Upande wa nje wa kikoti ulikuwa mweusi kama soli. Alikikunja, akaniuliza, "Hiki kimefuliwa lini?" Nikasema Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Akakitia kwenye mfuko. Bisibisi hakuitumia.

Kisha akaniomba kitu ambacho sitakisahau. "Mama, naomba kikasha hiki usikifute. Wala dirisha hili. Mpaka nitakapokuambia." Mwanangu, nimeishi kwa usafi wangu. Hakuna nguo iliyotoka mkononi mwangu ina uzi unaoning'inia. Na mkwe wangu ananikataza kushika kitambaa, na nilistahili.

Kilichotokea mkutanoni anajua yeye. Kwangu amesema kwa ufupi kwamba aliweka kikoti mezani mbele ya mkuu wake na wajenzi, kwamba kuna waliocheka, kwamba mkuu hakucheka. Mpango amenyang'anywa, kapewa mwingine. Nadhani wewe amekuambia zaidi. Kama hajakuambia, mpe muda.

Lakini uwanja wa nje ya mji umerudishwa kwenye mpango. Tangu wiki iliyopita malori yanasubiri huko, yanaitwa moja moja, nusu yake yanapitia barabara nyingine, upande wa maghala. Hayajaisha. Yanapita kama wageni waliofunzwa adabu kwa fimbo. Cherehani bado liko nyuma. Mke wa Kinyozi hajarudi. Nilikwenda kwa Kinyozi nikamweleza yote, tangu kifungo cha kwanza nilichokirudisha. Alinisikiliza, akaendelea kunoa wembe, akasema, "Mtoto anaendelea vizuri, Fundi." Hakuniambia nikae.

Kikasha kiko uchi dirishani, kichafu, kila apitaye anakiona. Wateja wananiuliza kwa nini sikifuti. Nawaambia ni mkwe wangu, mwacheni aonekane alivyo.

Na yeye mwenyewe amerudishiwa kazi yake ya zamani. Unajua hilo, lakini hujui anavyoonekana. Analala chumba chako, anatoka asubuhi, anasimama ng'ambo ya barabara mahali palepale, anahesabu magari. Jua linampiga. Anapoteza hesabu, namwona, midomo inasimama, kisha anaanza upya.

Niliandika msije. Nafuta neno hilo. Nyumba ina vumbi na mimi ninakohoa, njoo hivyohivyo.

Kigoda nimekitoa nikakiweka mlangoni tangu Jumatatu. Nimemwita mara mbili aje akichukue. Anasema, "Asante, Mama, nitasimama." Nami sijampelekea, maana si mimi niliyempelekea mara ya kwanza.

Shangazi yako